Banda la juu walikufa, la chini wakabaki: kisa cha vitamini na chanjo ya mdondo Gungu, Kigoma

Huku Gungu mpaka Mwanga kuna maneno yanatembea kwamba vitamini zinaua chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku ambao wengine wanauita kideri au Newcastle. Ukiuliza kasema nani unajibiwa kwani hukuona kuku wa yule mama, waliopewa vitamini wameisha, ambao hawakupewa wanadonoa mpaka leo. Na ukiangalia juujuu ndo ilivyotokea kweli, siwezi kubisha. Ila mi niliitwa pale kuku wakiwa bado wanakufa, nimepasua mizoga, nimesoma pakti zote zilizokuwa kwenye kapu lake la dawa, nimemhoji yule dogo anayemsaidia bandani mpaka akanichoka, na nilichokiona ni kwamba vitamini kweli zimo kwenye hiki kisa ila hazimo pale watu wanapozisemea.

Tuanze na kuku wenyewe. Vifaranga wa kuroila (kuku chotara), kama 400 hivi, waliingia Julai 2024 kwa basi, safari ya kulala njiani, wakafika wamechoka ila wazima. Wote wakakaa bruda moja, ile sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga. Siku ya 7 wakapata chanjo ya mdondo ya kwenye maji (lasota), siku ya 14 wakapata chanjo ya gumboro (ugonjwa unaoharibu kinga ya kuku), wiki ya tatu wakajaa, mama akawagawa mabanda mawili, nusu la juu lililo karibu na njia na nusu la chini kwenye migomba. Siku ya 28 wakarudiwa chanjo ya mdondo. Kwa hiyo mpaka hapo ratiba kwenye daftari imenyooka kabisa, ukiisoma huoni tatizo, na ndo maana kuku walipoanza kufa mtu wa kwanza kulaumiwa alikuwa aliyeuza chanjo.

Siku ya 28 ndo yenyewe, nisikilize vizuri hapa. Mama alipanga kutoa chanjo saa 4 asubuhi akishatoka nayo dukani, kaibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, safi kabisa. Kabla hajatoka alimwambia dogo leo kuku wanachanjwa waongezee nguvu, wape vitamini. Dogo saa 12 asubuhi kakoroga vitamini, kajaza vyombo vyote vya banda la juu, alipofika la chini pakti ikawa imeisha. Badala ya kuwapa maji matupu akasema ngoja mama atarudi na nyingine. Kuku wa chini wakakaa vyombo vikavu tangu alfajiri mpaka saa 4. Mama kurudi kakuta hivyo, hakupoteza muda, kachanganya chanjo, ndoo ya lita 10 kila banda, wakamimina. Banda la chini wale kuku walirukiana, dogo anasema walikuwa wanapandana mgongoni, na karibu na saa 6 vyombo vilikuwa vikavu tena. Banda la juu chanjo ilimiminwa juu ya masalia ya maji ya vitamini, kuku wakaja wachache wakaonja wakaondoka, na saa 7 mchana vyombo vilikuwa bado na zaidi ya nusu, jua la Kigoma la mwezi wa nane unalijua.

Nadhani umeshaona.

Septemba katikati, kuku wana wiki ya tisa, joto limepanda na mvua bado, mdondo ukapita mtaani kama kawaida yake kipindi hicho. Ulianzia banda la juu: kuku wamejikunyata, mharo wa kijani, wanapumua midomo wazi, baada ya siku chache wengine shingo zimepinda wanazunguka. Mpaka inatulia banda la juu lilikuwa limepoteza kama 130 kati ya 200. La chini 20 na kitu. Kuku walewale, chakula kilekile, chupa ileile ya chanjo. Sasa mtaani kitu kilichoonekana kutofautisha ni pakti ya vitamini, basi hukumu ikatoka.

Nilipopasua nilikuta vidoti vya damu kwenye lile tumbo dogo linalotangulia firigisi, karibu mizoga yote ya juu, hiyo kwa mdondo mkali ni alama inayojulikana ingawa peke yake haitoshi, ndo maana sampuli ilienda TVLA, wakala wa maabara za mifugo wa serikali, kituo cha Tabora, ikarudi ni mdondo. Nikaangalia na kile kifuko cha kinga kilicho juu ya mkundu, ambacho gumboro hukiharibu, nikakikuta cha ukubwa wa kawaida kwa mabanda yote mawili. Hiyo ni muhimu maana gumboro ikipiga mapema kuku unaweza kumchanja kila wiki na asishike kitu. Kwa hiyo gumboro nikaiweka pembeni.

Kulikuwa na kitu cha tatu ambacho sikukitegemea. Kwenye umio, ile njia ya chakula, kuku wa banda la juu na wa banda la chini pia walikuwa na vipele vidogo vyeupe vimetapakaa ndani. Wafugaji wengi wakiviona wanasema ndui ya ndani au fangasi. Vikiwa vidogo vya duara vilivyojipanga hivyo, na miguu imepauka, na macho yana ute mzito, wazo la kwanza ni upungufu wa vitamini A. Kuku wa huyu mama, ambaye kila mtu anajua hakosi vitamini kwenye maji, walikuwa na njaa ya vitamini. Nitarudi hapo.

Kwanza hili la vitamini kuua chanjo. Lasota ni kirusi hai dhaifu, kinatakiwa kifike kwenye utando wa mdomo, koo na pua ya kuku kikiwa hai, kizaane pale kidogo, mwili ukigundue na ujifunze kukitambua. Kinachokiua ni klorini, dawa za kuoshea vyombo, joto na jua, na muda. Ukishakichanganya na maji una kama saa mbili. Vitamini zenyewe si sumu ya kirusi. Tunakataza kuchanganya vitamini au dawa yoyote na maji ya chanjo kwa sababu hujui ndani ya ile pakti kuna nini kingine, chumvi gani, asidi gani, rangi gani, na hakuna faida ya kubahatisha. Ila kusema ile pakti ndo iliyoua kirusi chote banda zima, hapana.

Kilichokosekana banda la juu ni kiu. Chanjo ya kwenye maji huitoi wewe, kuku anajichanja mwenyewe kwa kunywa, kwa hiyo kama hana kiu hajachanjwa. Ndo maana tunasema ondoa maji saa moja mpaka mbili kabla, joto likiwa kali usizidishe, halafu mimina maji ya chanjo ya kiasi ambacho wataweza kumaliza ndani ya saa mbili. Kipimo kinachotumika sana ni umri kwa siku ukiwa lita kwa kuku 1000, yaani kuku wa siku 28 ni lita 28 kwa 1000, hivo 200 unahitaji lita 5 na nusu mpaka 6. Mama aliweka 10. Wa chini waliweza kumaliza kwa sababu walikaukiwa tangu alfajiri (na huko nako kulizidi, ni bahati tu hawakuumizana), wa juu walikuwa wameshajaza matumbo maji ya vitamini tangu saa 12, chanjo imekuja wameshiba, wenye nguvu wakaonja, wanyonge hata hawakusogea, mengine yakafia juani.

Kuna mtu atasema lakini si walipata ya siku ya 7. Ndiyo, wote walipata. Tatizo la siku ya 7 ni kwamba kifaranga bado anatembea na kinga aliyopewa na mama yake kwenye kiini cha yai, na ile kinga haichagui, ikikutana na kirusi cha chanjo inakizima kama ambavyo ingekizima cha ugonjwa. Kinga hiyo ya mdondo inapungua nusu kila baada ya siku nne na nusu hivi, kwa hiyo siku ya 7 bado ipo ya kutosha kuharibu kazi, wengine wanashika wengine hawashiki. Ile ya siku ya 28 ndo inayojenga ukuta wenyewe. Banda la juu ndo waliyoikosa. Kwenye daftari wamechanjwa mara mbili, mwilini wengi wao hata mara moja ni ya kubishania.

Na ile hoja ya njia? Kuna jirani alisisitiza kwamba banda la juu liko barabarani, wachuuzi wanapita na kuku wa mnadani, vumbi, viatu, lazima lingepigwa zaidi hata kama chanjo ilikuwa sawa. Hoja ya maana, siitupi. Ugonjwa ulianzia pale kweli na yawezekana walipata kirusi kingi zaidi. Ila dogo ni huyohuyo, viatu hivyohivyo, ndoo hizohizo, alikuwa anatoka juu anashuka chini kila siku kulisha, kwa hiyo mdondo ulifika chini mapema tu, ulikuta kuku wengi wamejiandaa. Kipimo cha kinga kwenye damu kingemaliza ubishi, ila kilitakiwa kichukuliwe wiki mbili tatu baada ya ile siku ya 28, kabla ugonjwa haujaingia, na sasa hivi ukipima waliopona wote watatoka na kinga juu kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, huwezi tena kujua ya chanjo ilikuwa ngapi. Na tuseme ukweli nani Gungu anapima kinga ya kuku 400.

Chanjo feki nayo naiondoa: chupa ni moja, banda moja limekingwa. Klorini je? Maji ni ya bomba, yanapita kwenye simtanki, na hakuna aliyeweka maziwa ya unga yasiyo na mafuta, yale gramu 2 na nusu kwa lita ambayo yanafunga klorini kabla hujamimina chanjo. Nadhani ilipunguza nguvu, na wale 20 na kitu wa banda la chini huenda deni lao liko hapo kwa sehemu. Lakini maji yalikuwa yaleyale juu na chini, hayaelezi tofauti.

Sasa turudi kwenye vile vipele vya umio, maana hapa ndo vitamini zinapoingia kwelikweli.

Chakula cha huyu mama anachanganya mwenyewe. Pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, chokaa, chumvi, na dagaa. Mahindi yetu ni meupe. Mahindi ya njano yana zile rangi ambazo kuku anazigeuza kuwa vitamini A, meupe karibu hayana kitu, hilo wauzaji wa chakula cha kuku hawakwambii. Dagaa wangesaidia kidogo, lakini kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti mwaka ule ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua ili samaki wazaliane, dagaa wa mwalo wa Kibirizi wakawa bei ya nyama, mama akapunguza akaongeza mashudu. Premiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini wa kutia kwenye chakula, alishaiacha. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu "dokta, premiksi ya nini na mimi vitamini nawapa kwenye maji kila wiki?" Hesabu yake ilikuwa na mantiki kabisa. Nikaomba pakti.

Pakti imeandikwa B1, B2, B6, B12, na K. Basi. Hakuna A, hakuna D, hakuna E. Yaani ukiacha K ni vitamini za kundi B tupu, ambazo nyingi kwenye pumba zimo tayari! Kuku ndo walioonyesha dunia kitu hicho: miaka ya 1890 kule Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wanaolishwa wali mweupe wanapooza miguu, na wakirudishiwa mchele wenye pumba zake wanasimama, kazi iliyompa Nobel mwaka 1929. Kwa hiyo mama alikuwa analipia dukani kile ambacho gunia lake lina, na ambacho gunia halina hakikuwepo kwenye pakti wala ndooni.

Halafu hiyo pakti ilifanya kosa lingine ambalo hakuna mtaani aliyeligusa. Wiki ya tano kuku walihara damu, mama akawapa amprolium, dawa nzuri tu ya kuhara damu. Amprolium inafanya kazi kwa kujifanya vitamini B1, kile kidudu cha kuhara damu kinaimeza kikidhani ni B1 kinakufa kwa kukosa yenyewe. Sasa mama huku anatoa amprolium, huku "kuwapa nguvu" anawamwagia B1 kwenye maji hayohayo. Anakilisha kidudu. Kuhara damu kukachukua muda mrefu kuisha, utumbo ukabaki umechubuka, na utumbo uliochubuka haunyonyi vitamini A hata ile kidogo iliyokuwepo kwenye dagaa. Kwa hiyo wanaosema vitamini zilimharibia huyu mama wamebahatisha, ila kosa liko wiki ya tano kwenye kuhara damu na wao wanalitafuta siku ya 28.

Vitamini A na chanjo zinakutanaje? Ule utando wa koo, pua, macho na utumbo ambao chanjo inatua juu yake ndo huohuo ugonjwa unaingilia, na unaishi kwa vitamini A. Ikikosekana utando unakauka unakuwa mgumu, ute unapungua, vile vipele vyeupe ni tezi za ute zilizoziba. Na chembe zinazotengeneza kinga nazo zinalegea, kuku anachanjwa vizuri lakini anajibu kwa uvivu. Kwa hiyo hata banda la chini waliokunywa chanjo sawasawa nadhani kinga yao haikufika pale ingefika, na ndo sehemu ya pili ya deni la wale 20 na kitu.

Hapa kuna swali napigiwa simu sana, kwamba basi nikizidisha vitamini chanjo itashika zaidi? Kama kuku ana upungufu, ukiuziba utaona tofauti kubwa. Kama hana upungufu, majaribio ya kuongeza hayakubaliani. Vitamini E ndo imechunguzwa sana, kuna waliopata kinga ikipanda, kuna waliokuta haisogei, na kiwango kikiwa kikubwa mno inaweza hata kushuka. A ukiimwaga nyingi inagombania njia na E na D maana zote zinasafiri na mafuta, unaziba shimo moja unachimba lingine. C kuku anajitengenezea mwenyewe kwenye figo, inasaidia joto likiwa kali au akiwa na msukosuko kama safari, nje ya hapo ni hela yako.

Tulichobadilisha kwa kundi jipya la mama ni hiki. Mawese. Tuko Kigoma jamani, watu wanatoka mbali kununua mafuta haya, na sisi tunanunua vitamini za pakti zisizo na A. Mawese mekundu yana rangi za kuzaa vitamini A kama miligramu 500 mpaka 700 kwa kilo, na E pia yamo. Nusu kilo kwenye gunia la kilo 50 la chakula, unasugua kwanza na pumba kidogo mpaka yasambae ndo unachanganya na zingine, inampa kuku zaidi ya kiwango cha chini anachohitaji, ambacho kwenye vitabu ni yuniti 1,500 kwa kilo ya chakula. Sharti yawe mapya na mekundu, yale yaliyochemshwa mpaka yakapauka hayana kitu tena, na yaliyochacha yanakula vitamini E ya kuku badala ya kumpa. Usichanganye magunia ya mwezi mzima, ya wiki yanatosha. Mchicha na matembele ning'iniza bandani wadonoe. Premiksi imerudi, ndogo, inatunzwa ndani gizani, ilikuwa inakaa dirishani.

Chanjo tumehama kwenye maji. Kwa kuku mia tatu mia nne sioni kwa nini mtu ahangaike na kiu na klorini, ile ya I-2 ya tone moja jichoni inavumilia joto kuliko lasota, inatengenezwa hapahapa nchini, na jioni moja watu wawili mnamaliza, mmoja anakamata mmoja anadondosha, unasubiri kuku apepese jicho ndo unamwachia. Kila miezi mitatu unarudia, na ile ya Agosti isipite maana Septemba mdondo haukawii. Mama alilalamika kwamba ni kazi, nikamwambia ndiyo ni kazi.

Waliopona banda la juu, mama aliuliza kama anaweza kuwachanganya na vifaranga wapya. Hapana, kuku aliyepona mdondo anaweza kuendelea kutoa kirusi kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa, hao tuliwaacha kwao mpaka wakauzwa, wenye shingo zilizopinda wakachinjwa, banda likakwanguliwa mpaka sakafuni, likaoshwa, likapigwa chokaa likakaa tupu. Na dogo sasa ana jozi mbili za viatu, ya juu na ya chini. Kuhusu vitamini siku ya chanjo, mama aliniuliza kwa sauti ya mtu anayetegemea kukatazwa. Nikamjibu awape, zenye A, D na E, kesho yake na keshokutwa. Asubuhi ile ya chanjo, kama siku moja atarudia ya kwenye maji, vyombo vikae vikavu.